Anwani Mbili, Sufuria Moja

Penseli tatu nilizoziacha katika droo ya kulia ni zenu. Msizitupe. Najua kwamba mezani kwenu sasa kuna mashine mbili, na kwamba serikali ya Ubelgiji hupokea fomu ya kodi kwa kubonyezewa kitufe. Lakini penseli zile zilikuwapo kabla ya mashine, nazo zina sifa moja ambayo kitufe hakina: zinakubali kufutwa. Ninyi mliorithi meza yangu mmeniomba niandike niliyojifunza katika miaka ishirini na miwili ya kuwasaidia watu wa Schaerbeek na mitaa ya jirani kujaza fomu hizo, na mkaniomba pia nisihubiri. Ombi la kwanza nitalitimiza. La pili nitajaribu.

Nimestaafu nikiwa na miaka hamsini na saba, mapema kuliko nilivyotaka, kwa sababu macho yamekataa herufi ndogo. Na kazi yetu yote imo katika herufi ndogo.

Nilianza katika chumba kilekile mnachokijua, ambacho zamani kilikuwa duka la viatu. Dirisha lake kubwa lilitazama njia ya tramu, hivyo kila mpita njia aliweza kuona nani ameketi kwa nani na kwa uso gani. Nilikuwa nimekuja Brussels kutoka Kigoma, kumfuata marehemu mume wangu, nikiwa mwalimu wa sekondari mwenye Kifaransa cha vitabuni na imani kubwa juu ya usahihi. Siku ya kwanza nilivaa suti. Mteja wangu wa kwanza, mzee wa Uvira, aliketi akasema, "Bon, maman, miye sijue kusoma hii bintu." Nami, Mungu anisamehe, nilimsahihisha Kiswahili chake: ni "vitu hivi", si "hii bintu". Alinitazama kwa adabu, akakusanya karatasi zake, akahamia meza ya pili.

Meza ya pili ilikuwa ya Madame Josiane, mwanamke wa Liège aliyekuwa ameifanya kazi hii tangu nikiwa shule ya msingi. Hakujua neno la Kiswahili zaidi ya "karibu" na "pole", na aliyatumia yote mawili vizuri kuliko mimi siku ile. Jioni aliniita. "Yule mzee," aliniambia, "hakuja kufanya mtihani." Kisha akanipa penseli na kunifundisha utaratibu ambao niliufuata maisha yangu yote ya kazi, isipokuwa mara moja.

Utaratibu wenyewe ni huu. Usianze na fomu. Anza na mtu. Muulize nani ana ufunguo wa nyumba yake, nani anakula naye, nani ataitwa akiugua. Kisha jaza nakala kwa penseli, polepole, ukimsomea kila mstari kwa lugha anayoielewa. Kisha, na hapa ndipo vijana hukosa subira, mpe nakala hiyo aende nayo nyumbani. Ilale kwake usiku mmoja. Kesho yake akirudi nayo, muulize kama imemletea ugomvi. Ikiwa haikuleta, ndipo uchukue kalamu.

"Kwa nini ilale?" nilimuuliza Madame Josiane.

"Kwa sababu hapa wanasema ndiyo kwa kila kitu," akanijibu. "Nyumbani hawasemi ndiyo ovyo."

Katika fomu hiyo yote hakuna sehemu inayodhaniwa kuwa nyepesi, na iliyo nzito, kama ile ya hali ya ndoa. Mtafikiri ni kuchagua, kama mtu achaguavyo shati. Si hivyo. Sheria ya hapa inawahesabu mume na mke pamoja. Wakitengana bila kufika mahakamani, basi kuanzia mwaka unaofuata ule wa kutengana kila mmoja huhesabiwa peke yake. Hata hivyo kuishi mbali si kutengana. Ili kutengana kuwepo, lazima angalau mmoja wao awe ametaka. Mume aliyelazwa miezi minane hajamwacha mkewe. Fomu ina kisanduku cha kutengana. Haina kisanduku cha kutaka. Kuhusu kutaka lazima uulize kwa mdomo wako.

Walikuwapo walioijaribu sheria kwa upande wa pili. Tonton Issa, Mrundi mwenye duka la vitambaa Ixelles, mtu wa swala tano na maneno elfu tano, alikuja akitaka kuandikwa kuwa ametengana na mkewe, ili kodi ipungue. Ushahidi wake ulikuwa kengele mbili mlangoni, moja yenye jina lake na moja yenye jina la mkewe.

"Na chumvi," nikamuuliza, "ziko mbili pia?"

"Chumvi gani, dada?"

"Ya jikoni."

Akafikiri. "Chumvi ni moja," akasema, kwa huzuni ya mtu aliyeona mpango mzuri ukiharibiwa na kitu kidogo. Aliondoka akiwa bado mume wa mtu. Mkewe alinitumia sambusa wiki ile, nami nilizirudisha, kwa maana hatupokei zawadi. Nawakumbusha hilo sasa kwa sababu nitalivunja kabla ya kumaliza kuandika.

Sasa nifike kwenye ile mara moja.

Mama Feza na mumewe, Papa Bahati, walitoka Bukavu wakiwa wakimbizi, wakakaa Schaerbeek katika ghorofa ya tatu isiyo na lifti. Yeye alikuwa mlezi wa wazee. Mumewe alifanya usafi katika karakana ya tramu hadi akastaafu, na kanisani ni shemasi. Kila mwaka, mwezi wa sita, walikuja pamoja, wakaketi pamoja, na mama akamkatiza baba kila sentensi ya tatu. Nilizoea kuwapangia nusu saa zaidi kwa ajili ya mabishano.

Kisha binti yao wa Etterbeek akajifungua mapacha kabla ya wakati, na baba wa watoto hao hakuwa mtu wa kutegemewa. Kwa watu wa kwao, kama kwa watu wa kwetu, mama hamwachi binti yake peke yake na mtoto mchanga, sembuse wawili. Mama Feza akachukua begi moja akaenda Etterbeek. Alidhani ni miezi mitatu. Mapacha walikuwa wadogo mno, binti alirudi kazini, na miezi mitatu ikawa mwaka na zaidi. Polisi wa mtaa, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila mtu ameandikishwa mahali anapolala, alimkuta pale mara tatu akamwambia ajiandikishe pale. Naye, mwanamke mtii kwa serikali, akajiandikisha. Basi kwenye vitabu vya manispaa wakawa na anwani mbili.

Kilichobaki kuwaunganisha kilikuwa sufuria. Kila Jumamosi Mama Feza alipika sombe yenye ndagala, yaani kisamvu na dagaa, au maharage, akaijaza sufuria moja ya kijani yenye mfuniko uliopinda, akaifunga kwa kitambaa, akapanda nayo tramu hadi Schaerbeek. Aliiacha, akagombana na mumewe kidogo kuhusu vumbi, akawahi kurudi kwa watoto. Katikati ya wiki Papa Bahati aliipeleka Etterbeek. Hakujua kupika zaidi ya mayai, lakini alijua, kama ajuavyo kila mtu aliyelelewa, kwamba chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, seuze cha mke. Aliweka machungwa, au mkate wa moto wa Mturuki wa kona, au sabuni, au zile karatasi laini za kuwapangusia watoto. Mara moja aliweka vitunguu sita na karoti moja, na hakuna aliyeelewa karoti ile.

Mwezi wa sita uliofuata Mama Feza alikuja peke yake, mtoto mmoja mgongoni, mwingine katika kigari, wote wawili wakilia. Nje foleni ilikuwa imefika kituo cha tramu. Mashine mpya ilikuwa mbele yangu wiki ya pili, na ilikuwa imekwisha kukisia kila kitu: anwani mbili, fomu mbili, hali moja, kutengana. Nikauliza, "Tangu lini unalala Etterbeek?" Akajibu, "Tangu hawa walizaliwa." Nikabonyeza. Sikushika penseli. Sikuuliza nani ana ufunguo. Mimi niliyewahi kumwambia mtu mzima kwamba haraka ni aina ya uongo, nilimaliza kazi ile kwa dakika kumi na nikajipongeza.

Zaidi ya hapo, nikachapisha nakala nikampa. "Mpelekee Papa," nikasema, "ili yake ifanane na hii."

Yeye hasomi Kifaransa cha serikali. Mumewe anakisoma vizuri sana. Mama Feza aliikunja karatasi akaiweka juu ya mfuniko wa sufuria, ndani ya kitambaa, akaipeleka Jumamosi pamoja na sombe. Papa Bahati alikuwa kanisani. Mkewe aliiacha mezani akaondoka.

Wiki mbili baadaye Mama Feza aliingia kwangu bila miadi, akawapita watu wote wa foleni, akaweka sufuria ya kijani juu ya meza yangu, juu ya karatasi za mtu mwingine.

"Maman Zuhura, angalia hii. Angalia muzuri."

Niliangalia. Ilikuwa imesuguliwa hadi inang'aa. Hata mfuniko uliopinda ulikuwa umenyooshwa.

"Ni safi," nikasema.

"Ni tupu!" Sauti yake ilifika barabarani. "Aliiacha chini kwa mulango, hakupanda hata kusalimia batoto. Napiga téléphone, hashike. Trente-quatre ans, miaka makumi tatu na ine ya ndoa, Zuhura, kila nilimupelekea chakula, sufuria haikurudiaka tupu hata siku moja. Hata mu camp, wakati hatukukuwa na kitu, aliweka majani ya chai. Nimefanya nini? Unambie, weye unasoma vitabu, nimefanya nini?"

Nikamuuliza kama mara ya mwisho alipeleka kitu kibaya.

"Sombe yangu, mbaya?"

"Au kitu kingine pamoja nayo."

"Hakuna. Ile kartasi yako tu."

Msomaji mwenye huruma ataniruhusu nisieleze uso wangu. Watu wa foleni waliuona kupitia dirisha la duka la viatu, na inatosha. Nilifungua faili, nikamsomea kwa Kiswahili mstari nilioubonyeza: kwamba yeye, Feza, mke wa Bahati, ametengana na mumewe. Hakupiga kelele tena. Alimshusha mtoto mgongoni, akamkalisha mapajani, akasema polepole, "Donc ni miye nilimupelekea barua ya kumuacha. Juu ya sombe."

Tuna kanuni ya kutowatembelea wateja majumbani, na nadhani ni kanuni nzuri. Jioni ile nilipanda ngazi za ghorofa tatu.

Papa Bahati alinifungulia akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, kana kwamba anangoja wageni wa msiba. Nyuma ya mlango niliona ndala za mkewe, zimepangwa. Juu ya kitanda, kupitia mlango wa chumba, kulikuwa na sanduku kubwa la safari limefunguliwa. Nikafikiri: nimechelewa, anafungasha.

"Ingia, maman. Kaa." Aliniletea maji kwanza, hata mwenye hasira wa Bukavu huleta maji kwanza. Kisha akaketi mbele yangu na ile nakala mkononi. "Ni weye uliandika?"

"Ni mimi, papa."

"Bon. Kartasi ya État, ya serikali, miye naiheshimu. Tulikuja inchi hii bila kartasi, najua bei yake. Kama kartasi inasema muke wangu ameniacha, nani miye niseme hapana?"

"Karatasi imekosea. Mimi nimekosea."

"Na yeye alijibu nini, wakati ulimuuliza?"

Ningeweza kumpa jibu ambalo lingemponya palepale. Lakini nimewaambia watu wengi mno kwamba uongo wa huruma ni uongo. "Sikumuuliza," nikasema.

"Haukumuuliza." Aliikunja karatasi mara nne. "Mashine ilimuuliza?"

"Hapana."

"Alors, hakuna muntu alimuuliza." Aliifunua tena ile karatasi, na nikaona kwamba sikuwa nimemfariji hata kidogo, bali nilikuwa nimemrudishia shaka mahali pa msiba. "Maman, muke wangu alienda mwezi tatu. Sasa ni mwaka na nusu. Miye mwenyewe sikumuuliza. Niliogopa. Umuulize, mbele yangu. Kama anasema oui, nitaweka signature. Kama anasema non, nitaweka signature. Lakini aulizwe."

Walikuja siku ya tatu, kila mmoja kwa tramu yake. Hawakusalimiana zaidi ya "bonjour". Mama Feza alikuja na mapacha. Papa Bahati alitazama ukuta, lakini kiatu chake kilikuwa kikisukuma kigari mbele na nyuma, mbele na nyuma, na mtoto akalala. Nilichukua penseli.

"Mama Feza," nikasema, na kwa aibu nilirudi kwenye lugha ya vitabu, "je, kuishi kwako Etterbeek kunatokana na nia ya kutengana na mume wako?"

"Weye, Zuhura! Unaniuliza miye vile?"

"Mujibu," alisema Papa Bahati kwa ukuta.

Mama Feza akamgeukia. "Pagne zangu ziko wapi?"

Kiatu cha Papa Bahati kiliacha kusukuma kigari.

"Nakuuliza weye, shemasi. Pagne zangu za mariage, vitenge vya ndoa, zile mama yangu alinipatia, ziko wapi? Nilienda na begi moja, iko na robe mbili na nguo za kulala. Pagne zote nilikuachia weye. Uliona wapi muke anaacha bwana, anaacha na pagne nyuma?"

"Ziko douze, zote kumi na mbili," akasema Papa Bahati.

"Ulizihesabu?"

"Kila siku. Tangu ile kartasi. Nilifungua valise, nilihesabu, nilifunga. Nilisema, siku anakuja kuzitwaa, nitajua ni kweli."

Hapo ndipo nilipoelewa lile sanduku kitandani. Mama Feza aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu niwajue hakuwa na neno la kumkatiza. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma saa ya tramu, kwamba mapacha wamepata nafasi crèche, kituo cha kulelea watoto, kuanzia mwezi wa tisa, na kwamba alikuwa akingoja kuulizwa atarudi lini, na hakuna aliyeuliza, akadhani labda mtu amezoea ukimya wa nyumba.

"Ukimya?" alisema Papa Bahati. "Nimechoka nao kabisa."

Kazi yangu haikuwa imeisha, kwani sheria inauliza nia za wote wawili. "Na wewe, papa? Umewahi kutaka kutengana?"

Mtu mwingine angesema hapana. "Ile siku nilisoma, ndiyo," akasema. "Na siku zilifuata. Quatorze jours. Leo hapana."

"Quatorze jours!" akapiga kelele mkewe. "Na miye nalea wajukuu yako!"

"Nilikosa."

"Ulikosa hata ndimu moja ya kuweka mu sufuria!"

Niliweka penseli chini nikatafakari, kwa uzito ambao Madame Josiane angeucheka, kama siku kumi na nne za kutaka kutokana na kosa langu ni kutengana mbele ya sheria. Niliamua si hivyo. Mwanamume ambaye kila siku anahesabu nguo za mkewe akiomba zisipungue hajatengana na mtu.

Niliandika barua ya kueleza kosa langu, kwa jina langu, na tamko lao chini yake, yote kwa penseli. Kisha nikawapa nakala. "Ilale nyumbani usiku mmoja," nikasema kwa mazoea, na papo hapo nikasikia nilichosema. Wakatazamana. Ni nyumba ipi?

"Kwetu," alisema Mama Feza, akaikunja na kuitia kifuani.

Ililala Schaerbeek, ghorofa ya tatu, pamoja nao wawili na mapacha wawili ambao, niliarifiwa, hawakumwacha mtu alale. Kesho yake waliirudisha wakibishana kuhusu kigari na ngazi. Nikachukua kalamu. Baada ya miezi michache jibu la ofisi ya kodi lilifika: wanahesabiwa pamoja. Lilikuwa na mistari minne, haukuwamo hata mmoja wa kunilaumu, nami nililiona hilo kuwa pungufu.

Mwezi wa tisa Mama Feza alirudi kwake na begi lake moja, akabadilisha anwani. Mimi niliirudisha penseli mahali pake na sikuiruka tena, hata foleni ilipozunguka kona. Kila mwaka mimi mwenyewe huweka alama katika kisanduku cha wajane, na kisanduku hicho pia hukijaza kwa penseli kwanza, nikakilaza usiku mmoja, ingawa najua asubuhi hakitakuwa kimebadilika. Ni heshima tu.

Siku yangu ya mwisho kazini mlinipa maua, nawashukuru. Baada ya ninyi kuondoka waliingia wao wawili, wamebeba sufuria ya kijani ndani ya kitambaa. Tangu arudi nyumbani, alisema Mama Feza, sufuria imekosa safari. Nikawakumbusha kwamba hatupokei zawadi.

"Weye hauko mufanyakazi tena," alisema Papa Bahati, akitazama saa ya ukutani. "Depuis cinq minutes. Dakika tano imeisha."

Nilikula sombe ile siku mbili. Kisha nikaiosha sufuria, nikaiweka juu ya rafu, na kwa wiki nzima nikaizunguka kama mtu aliyeletewa barua asiyotaka kuifungua. Tangu mume wangu afariki sipiki. Nakula mkate na kusoma. Leo asubuhi nimetoa mchele na nazi. Wali umeshika chini kidogo, na nazi ilikuwa ya kopo, lakini nimeujaza sufuriani hadi juu, nimeufunga kwa kitambaa chao wenyewe, na tramu ya kwenda Schaerbeek inapita baada ya dakika sita.